Mtaliani, Kipande cha Ukuni na Wachongaji wa Wamunyu

Wahenga walisema kinyago ulichokichonga mwenyewe hakikutishi. Neno hili twalitumia kila uchao, nyumbani na barazani, na wanasiasa nao hawaliachi. Lakini iko hadithi moja ya Kitaliani ambayo ni kama iliyotungwa kwa makusudi ili ibishane nalo. Ndani yake fundi mzee, maskini hohehahe, achonga kinyago cha mtoto kwa ukuni aliopewa na jirani. Alipokitia mdomo kikamcheka. Alipokikanya kikamtolea ulimi. Alipokitia mikono kikampokonya nywele zake za bandia, na alipokitia miguu na kukifundisha kwenda, kikatoka mbio mlangoni. Jua halijatua, fundi akawa yuko korokoroni kwa ajili ya kazi ya mkono wake mwenyewe.

Fundi huyo jina lake Geppetto, na kinyago ni Pinocchio. Hapana shaka wasomaji wengi wamelisikia jina la pili, na watoto wao wamemwona katika filamu. Lakini kitabu chenyewe wachache wamekishika, na mahali ambapo kingestahili kushikwa kwanza katika nchi yetu hii, kwa maoni yangu, ni Machakos.

Ukitoka mji wa Machakos ukashika njia ya Masii iendayo Kitui, utapita Wamunyu. Hapo ndipo lilipochimbuka soko lote la vinyago vya Kikamba: twiga, ndovu, vifaru, Mmaasai na mkuki wake, vijiko vya saladi vyenye vichwa vya swara. Watu hudhani Wakamba walichonga sanamu hizi tangu na tangu. Sivyo. Walikuwa mafundi wa mti tangu zamani, hilo ni kweli: wakichonga vigoda vya miguu mitatu vilivyonakshiwa kwa nyuzi za shaba, mizinga ya nyuki, fimbo za wazee na miiko. Ama kuchonga sanamu za kuuza, hiyo ni kazi ya miaka mia na kitu tu. Aliyeileta ni mtu mmoja wa Wamunyu, Mutisya Munge, ambaye alichukuliwa katika Vita vya Kwanza vya Dunia, vita vya 1914 hadi 1918, akafika Tanganyika, na huko akaona wachongaji. Masimulizi mengine yasema walikuwa Wamakonde, mengine yasema Wazaramo. Vita vilipokwisha alirudi kwao na ufundi mkononi. Akawafundisha jamaa, jamaa wakawafundisha majirani, na katika muda wa maisha ya mtu mmoja Wamunyu nzima ikawa yalia tezo.

Sisi watu wa pwani twawajua watoto na wajukuu wa Wamunyu. Walitufuata mpaka hapa, au tuseme waliwafuata watalii. Pale Changamwe wana chama chao cha ushirika, na wengine wako Malindi. Kwa muda mrefu mti wao ulikuwa muhugu, ambao watoka katika misitu yetu ya pwani. Ulipoanza kuadimika wengi waligeukia mwarobaini, mwembe na mjakaranda. Wachonga kwa tezo, wamalizia kwa kisu na msasa, kisha wapaka rangi ya viatu mpaka kinyago king'are. Kinyago kimoja hupita mikono mingi kabla ya kufika dukani, na mwenye kukichonga ndiye apataye fungu dogo kuliko wote. Hilo halina haja ya kufanyiwa utafiti. Kaa nao nusu saa kivulini, watakwambia.

Na mnunuzi ni nani? Kwa upande wa Malindi, aghalabu ni Mtaliani. Wataliani walianza kuizoea Malindi katika miaka ya 1960, walipojenga kituo chao cha San Marco cha kurusha vyombo vya angani baharini, na mwaka 1967 walirusha chombo chao cha kwanza kutoka hapo. Nyuma ya mainjinia wakaja wenye mahoteli, na nyuma ya wenye mahoteli wakaja watalii. Matokeo yake kila mtu ayajua: kijana aliyetoka Ukambani na gunia la vinyago hajamaliza msimu wa pili Malindi ila akijua Kitaliani. Ajua kuhesabu, ajua kutaja bei na kuiteremsha, ajua kumwamkia mama wa Kitaliani kwa adabu na kumwuliza habari za mabinti zake. Hicho ni Kitaliani cha bei. Kitaliani cha kitabu hakijui, wala hapana aliyempa.

Jambo hili lina mzaha wa ajabu ndani yake. Mtaliani anunua twiga kwa mtu aliyekaa chini ya mti na vipande vya kuni miguuni, afunga mzigo wake, arudi kwao ambako alilelewa tangu utotoni kwa hadithi ya mchongaji maskini mwenye vipande vya kuni miguuni. Pengine haimpitikii kabisa kwamba alikuwa amesimama mbele ya Geppetto. Na mchongaji naye hajui kwamba huko atokako mnunuzi, mtu wa kazi kama yake ni mmojawapo wa watu mashuhuri kabisa katika vitabu.

MTUNZI NA GAZETI LAKE

Aliyeitunga alikuwa mtu wa magazeti. Jina lake Carlo Lorenzini, mzaliwa wa Florence, mwaka 1826. Jina la Collodi alijipa mwenyewe kwa kufuata kijiji cha mamake. Alipigana katika vita vya kuiunganisha Italia, akaandika makala na michezo ya kuigiza, akatafsiri hekaya za Kifaransa, akatunga vitabu vya shule. Tarehe 7 Julai 1881 fungu la kwanza la hadithi yake lilitoka katika gazeti la watoto lililochapishwa Roma. Oktoba ya mwaka huo huo alikuwa amekwisha choka nayo: akamnyonga Pinocchio juu ya mti mkubwa, akaweka nukta. Watoto wa Italia hawakukubali. Malalamiko yakawa mengi, na Februari 1882 mtunzi akalazimika kumteremsha mtoto mtini na kumfufua. Aliendelea mpaka Januari 1883, na mwaka huo kitabu kizima kikatoka Florence. Sisi tuandikao magazetini twaijua hali hii. Msomaji ndiye mwenye gazeti.

Aliyelianzisha gazeti hilo la watoto alikuwa Ferdinando Martini. Mwaka 1897 Martini huyo huyo aliteuliwa kuwa gavana wa Eritrea, akakaa huko mpaka 1907. Kwa hivyo mkono uliowapa watoto wa Kitaliani Pinocchio ndio ulioishika koloni mlangoni petu. Siyataji haya ili kuitia hadithi doa. Nayataja kwa kuwa tumezoea kudhani kwamba fasihi za Ulaya zilitungwa mbali sana na mambo yetu, na wenyewe walikuwa wakipita hapa hapa na mizigo yao.

Filamu aliyoitengeneza Disney mwaka 1940 iliipaka hadithi sukari nyingi. Katika filamu yuko nyenje mpole, mwenye kofia, amwongozaye mtoto kila hatua. Katika kitabu nyenje huyo atoa nasaha, na Pinocchio amtupia nyundo akamganda ukutani, akafa. Nyumba ya Geppetto katika kitabu ina moto uliochorwa ukutani na chungu kilichochorwa juu yake, kikitoa mvuke wa kuchorwa. Hiyo ndiyo njaa iliyomo katika hadithi hii. Mtoto ala mapea matatu ambayo yalikuwa chakula cha asubuhi cha babake. Kwanza akataa maganda na makokwa, kisha arudi kuyala. Baba auza koti lake kipupwe cha theluji ili amnunulie mwana kitabu cha alifu na be, arudi nyumbani na shati tupu. Mwana akitoka na kitabu kwenda shule asikia zumari na ngoma za mchezo, akauza kitabu apate kiingilio.

Sisi tuliopita chuoni, tukaandikiwa ubaoni kwa wino wa masizi na kuchapwa tulipoukosea, hatuna haja ya kuelezwa fungu hilo. Kila mtaa wa Mji wa Kale ulikuwa na baba aliyeuza kitu ili mwana apate juzuu yake, na kila chuo kilikuwa na mwana aliyetoroka kwenda kuogelea.

Liko fungu jingine ambalo lanipendeza kuliko yote. Pinocchio amepewa sarafu za dhahabu awapelekee babake. Njiani akutana na Mbweha ajifanyaye kiguru na Paka ajifanyaye kipofu. Wamwambia: uko uwanja wa maajabu, ukizika sarafu humo jioni, ukamwagia maji na kunyunyiza chumvi, asubuhi utakuta mti uliozaa sarafu maelfu. Mtoto wa mti aamini. Wasomaji wetu watamkumbuka Abunuwasi na sufuria lake lililozaa, na jirani aliyekubali kwamba sufuria huzaa kwa kuwa uzazi ulimfaa yeye. Lakini mimi nakumbuka jambo la karibu zaidi. Kabla ya 2007 nchi yetu ilijaa miradi ya fedha za kupanda na kuvuna, ambamo mtu alitoa akiba yake akaahidiwa mara mbili au mara tatu yake baada ya miezi michache. Walimu walitia pensheni, wajane walitia pesa za shamba, na miradi ilipoporomoka mwaka huo wengi walibaki wakifukua uwanja mtupu kwa kucha, kama Pinocchio.

Na aliyeibiwa alikwenda wapi? Katika hadithi, akimbilia kwa hakimu. Hakimu ni nyani mkubwa wa jamii ya sokwe, mzee mwenye ndevu nyeupe na miwani ya dhahabu isiyo na vioo. Amsikiliza kwa huruma, machozi yamlengalenga, kisha aamuru: maskini huyu ameibiwa dhahabu yake, basi mkamateni mumtie gerezani. Alikaa humo miezi minne. Ulipotangazwa msamaha wa wahalifu wote, mlinzi wa gereza alikataa kumfungulia kwa sababu yeye hakuwa mhalifu. Hata alipodai kwamba yeye pia ni mwizi, mlinzi akavua kofia, akamwinamia kwa heshima, akamfungulia. Mambo haya yaliandikwa kwa watoto zaidi ya miaka 140 iliyopita. Afikiriaye kwamba vitabu vya watoto ni vitu vyepesi na akisome hiki.

UKUNI UNAOSEMA

Najua baadhi ya wasomaji wamekwisha kunja uso. Sanamu ya kiumbe, kisha ikapata uhai? Sisi watu wa pwani tulichonga milango. Mlango wa Lamu au wa Unguja una majani, maua, minyororo, mawimbi na aya, na fundi alijizuia kuweka uso wa mtu au wa mnyama kwa kuchelea lile lililopokewa katika hadithi sahihi, kwamba watengenezao sura wataambiwa siku ya kiyama wazipulizie roho walizoziumba, nao hawataweza. Ndiyo sababu kazi ya Wamunyu, hata ilipoletwa mpaka mlangoni petu, wengi wetu waliinunulia wageni wala hawakuiweka ukumbini. Si dharau kwa Mkamba. Ni mipaka ya nyumba.

Lakini wanazuoni hao hao wamepokea pia habari za Bibi Aisha, radhi za Mungu ziwe juu yake, na wanasesere wake aliokuwa akichezea nyumbani kwa Mtume, na wengi wao wakaviruhusu vitu vya kuchezea watoto. Na tukiitazama hadithi ya Mtaliani kwa makini twaona jambo ambalo filamu ililificha. Katika filamu, sanamu yachongwa kwanza, kisha malaika wa kike aja na fimbo kuitia uhai. Katika kitabu ukuni ulikuwa ukisema tangu hapo. Seremala wa kwanza, jirani yake Geppetto, alitaka kuuchonga uwe mguu wa meza. Alipouinulia shoka akasikia sauti nyembamba ikimwomba asimpige kwa nguvu. Alitafuta chini ya benchi, kabatini, njiani, asione mtu. Basi Geppetto hakupuliza kitu. Alichopewa kilikuwa na siri yake kabla ya kufika mkononi mwake, naye kazi yake ilikuwa kuondoa magamba. Katika Qurani tumesoma habari za Nabii Isa na ndege wa udongo, na mkazo wote umo katika idhini: kwa idhini ya Mungu, si kwa ufundi wa kidole. Collodi hakuwa mwanazuoni wetu wala hakukusudia kutufurahisha. Hata hivyo fundi wake ni mnyenyekevu kuliko mafundi wa filamu.

Na samaki aliyemmeza Geppetto, akakaa tumboni miaka miwili akiwasha mishumaa aliyoiokota katika merikebu iliyomezwa pamoja naye? Wengine humwita nyangumi. Katika kitabu ni papa, na msomaji wetu hatahitaji msaada wangu kumkumbuka Nabii Yunus. Wakamba nao wana majitu yao, eimu, katika hadithi za jioni, nasi tuna Nunda mla watu. Mtoto wa Machakos akisimuliwa fungu hili hatastaajabu hata kidogo. Atauliza tu walitokaje.

LUGHA YA FLORENCE NA LUGHA YA MVITA

Sasa naja kwenye jambo linaloniuma, nalo ni la lugha. Italia ilipounganishwa mwaka 1861, waliokuwa wakizungumza Kitaliani walikuwa wachache mno. Wanazuoni wamekisia kati ya wawili na nusu na kumi katika kila mia. Wengine walizungumza Kivenisi, Kinapoli, Kisisilia na kadhalika, na mtu wa kusini hakumwelewa wa kaskazini. Kitaliani kilikuwa ni lugha ya Florence, nayo ilipata cheo chake kwa washairi. Dante Alighieri, aliyezaliwa mwaka 1265 na kufa uhamishoni 1321, alikuwa mtu wa kwanza mkubwa kuitetea lugha ya mama mbele ya Kilatini, na utenzi wake mrefu aliuandika kwa lugha hiyo ya mama. Karne tano baadaye Alessandro Manzoni, mtu wa Milano, baada ya kuichapa riwaya yake kubwa mwaka 1827, aliiandika upya yote kwa lugha ya Florence na kuitoa tena kuanzia 1840. Collodi akaja nyuma yao, naye alishiriki katika kazi ya kamusi ya lugha hiyo; akaishusha kutoka rafu za juu mpaka kinywani mwa mtoto wa shule.

Yasemwe wazi kwa msomaji Mwislamu: katika sehemu ya Jahanamu ya utenzi wa Dante mna beti za kumtusi Mtume wetu na Sayyidna Ali. Hilo halifichiki, na mfasiri wa Kimisri Hassan Osman alipoutia utenzi huo katika Kiarabu aliziacha. Lakini ajabu ya mambo, mwaka 1919 padri wa Kihispania, Miguel Asín Palacios, alitoa kitabu kuonyesha kwamba ramani nzima ya safari ya Dante, tabaka za moto na mbingu moja juu ya nyingine, yafanana mno na habari za Miraji kama Waislamu walivyozipokea. Wazungu walipiga kelele. Kisha mwaka 1949 Mtaliani Enrico Cerulli akakichapisha kitabu cha Miraji kilichotiwa katika Kilatini na Kifaransa katika karne ya 13, kabla Dante hajashika kalamu. Cerulli huyu alikuwa afisa mkubwa wa utawala wa Kitaliani katika Uhabeshi, nchi iliyovamiwa mwaka 1935. Na ndiye huyo huyo aliyekitoa, mwaka 1957, Kitabu cha Zanji, habari za pwani yetu kwa Kiarabu. Nyumbani kwetu utenzi wa Miraji umesomwa kwa sauti vizazi na vizazi, na wala hapana aliyetwambia kwamba una ndugu Florence.

Nirudi kwenye lugha. Sisi nasi tulikuwa na Florence yetu. Mvita ilikuwa na Muyaka bin Haji, aliyefariki mwaka 1840 baada ya kulitoa shairi msikitini na kulipeleka sokoni. Pate na Lamu zilikuwa na tenzi zao. Lakini palipochaguliwa Kiswahili cha vitabu hapakuulizwa washairi. Mwaka 1928 ulikutana mkutano hapa hapa Mombasa, wakubwa wa elimu wa kikoloni wakaamua Kiunguja kiwe msingi, na mwaka 1930 ikaundwa kamati ya kusahihisha vitabu vya shule. Mimi sina ugomvi na Kiunguja, nacho ndicho ninachoandikia sasa. Kimvita hakikufa: Ahmad Nassir alikitolea diwani mwaka 1971, na Abdilatif Abdalla akakitungia gerezani mashairi yaliyochapwa 1973. Lakini Mtaliani alipata lugha ya taifa kwa kufuata vitabu vilivyokwisha pendwa. Sisi tulipewa lugha kwanza tukaambiwa tutafute vitabu vya kuijaza. Na Mkamba wa Machakos yeye aliambiwa mara mbili, maana lugha yake haikuulizwa hata kidogo, ingawa John Mbiti alikuwa amekwisha chapisha hadithi kwa Kikamba mwaka 1954.

Ndipo tukafika hapa tulipo. Wataliani watusoma. Katika chuo kikuu cha mashariki cha Naples, kiitwacho L'Orientale, Kiswahili kimefundishwa kwa miaka mingi, na Elena Bertoncini aliyefundisha huko alitoa mwaka 1989 kitabu kizima cha maelezo ya fasihi yetu, riwaya na tamthilia, kwa majina na miaka. Sisi twawauzia twiga.

Mara moja Pinocchio alikuja kweli, na alikuja karibu na Machakos. Mwaka 2004, mtengenezaji michezo Marco Baliani, pamoja na shirika la AMREF, aliwachukua vijana 20 waliokuwa wakilala mitaani Nairobi, wakaicheza hadithi hii kwa namna yao, hapo Nairobi na baadaye Italia. Waliita mchezo huo Pinocchio Mweusi. Nionavyo mimi, vijana hao hawakuhitaji kufundishwa fungu la mtoto aliyetupwa akageuka kitu, akapigwa, akauzwa. Kazi ilikuwa kumtafuta Geppetto. Watalii wa Italia waliokaa katika viti vyao siku hizo waliona kisa chao kikirudi kutoka mahali ambapo wamezoea kupeleka kamera.

Laiti wangepatikana wawili, mmoja wa pwani ajuaye Kitaliani cha kitabu na mmoja wa Machakos, wakakikalia kitabu hiki bila kupitia Kiingereza. Sura zake ni 36 na kila moja ni fupi. Wangegombana, bila shaka. Pinocchio ni nini kwa Kiswahili? Mwanasesere ni mdogo mno. Kinyago kina maneno yake. Liko neno karagosi, ambalo lilitujia na Waturuki, nalo ni sanamu ya kuchezeshwa kwa nyuzi. Kwangu mimi hilo ndilo, ila mtoto huyu hana nyuzi. Ukuni wake nao haukuwa wa maana, mtunzi asema wazi kwamba ulikuwa wa kutia jikoni kipupwe, basi si mpingo wala si muhugu. Mchongaji wa Wamunyu angetwambia ni mti gani. Pua inayorefuka haina taabu, kwani mtoto wa Ukambani ameona mchongaji akipunguza pua ya kinyago na akikosea akaiharibu. Taabu iko katika vyakula na katika matusi, na matusi ya Kitoskana ni matamu.

Na wangefika sura ya mwisho, ambayo filamu haikuitia. Pinocchio amekwisha mtoa babake tumboni mwa papa. Amekaa miezi akiamka alfajiri kuteka maji kwa gurudumu la kisima ili alipwe bilauri ya maziwa ya mgonjwa, na jioni akisuka vikapu. Siku moja aamka amekuwa mtoto wa kweli, na kile kinyago kimeegemea kiti, kichwa upande, mikono yaning'inia. Chumba cha pili amkuta Geppetto mzima, amerudia kazi yake. Meza mbele yake ina fremu ya mti aliyoanza kuichora apate kuichonga: majani, maua, na katikati yake vichwa vidogo vya wanyama wa kila namna.